Mtambo wa upepo unazunguka lakini betri haijai: pima kabla ya kushusha

Jirani yangu wa Kisongo alikuwa ameshaambiwa jenereta imekufa, mnara ulazwe. Mapanga yalizunguka vizuri, betri ikabaki palepale. Usilaze mnara kabla hujapima chini.

1. Pima betri ikiwa imepumzika bila mzigo kwa saa kadhaa. Ya 12V ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikishuka chini ya 12 na upepo ulivuma, endelea.

2. Piga breki kwanza, yaani swichi inayounganisha nyaya za mtambo pamoja ili mapanga yasimame. Kamwe usichomoe betri mtambo ukizunguka: umeme ukikosa pa kwenda, volti hupanda ghafla na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) huungua. Breki ikishika kwa unyonge, huenda waya mmoja umeshakatika. Ngoja upepo utulie. Mapanga yakisimama, ndipo uchomoe betri.

3. Nyaya tatu. Hapa usiharakishe. Mitambo mingi ya nyumbani hushusha AC kwa nyaya tatu, kisha dayodi za rektifaya huigeuza DC. Zichomoe kwenye rektifaya, zitenganishe zisigusane, halafu achia breki upepo ukiwa mdogo. Ukiwa mkali acha, maana bila mzigo volti zake zinaweza kukurusha. Weka mita kwenye AC, pima mbili mbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Upepo hautulii, kwa hiyo rudia mizunguko kadhaa. Zote zikitoa volti zinazolingana, jenereta ni nzima. Jozi moja ikiwa nzuri na mbili ziko chini, tafuta waya uliomo kwenye zote mbili mbovu. Ndio wenye kasoro. Usitegemee kipimo cha ohm: koili nyingi za aina hii hazifiki hata ohm moja, na mita ya bei rahisi haioni tofauti.

Kwa jirani, kasoro ilikuwa kwenye kiungo cha chini ya mnara. Ndani ya tepu shaba ya waya mmoja ilikuwa ya kijani, imekatika kabisa. Kusokota waya na kuviringisha tepu nyeusi si kuunga. Tumia terminali za kubana kwa plaiya yake, ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

4. Nyaya zikilingana, piga breki tena, weka mita kwenye alama ya dayodi, pima dayodi za rektifaya moja moja. Upande mmoja isome volti 0.4 hadi 0.7, ukigeuza isisome kitu. Sufuri pande zote ni shoti, na mapanga yatakuwa mazito. Badilisha rektifaya nzima.

5. Mngurumo wa beringi ndio hasa sababu ya kulaza mnara. Vumbi la huku huzila.

Ukimaliza, rudisha betri na zile nyaya tatu kwanza, ndipo uachie breki.