Shule ya balle mtaani: tafuta walimu kwanza, viatu baadaye

Mwaka huu wamama watatu wameniuliza swali moja, wawili wa Likasi na mmoja wa Kipushi, miji ya jirani: mama, tukitaka kufungua shule ya balle kama yenu ya mtaa wa Katuba, tuanzie wapi? Wote walikuwa wameshapiga hesabu ya viatu, ya vioo na ya nguo za onyesho. Hesabu ya walimu hakuna aliyeipiga. Nimeona bora niwajibu pamoja.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 22 hapa Lubumbashi, Kongo. Balle, ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa vidole, nilijifunza nikiwa msichana, miaka minne tu, sebuleni kwa mama mmoja Mgiriki kule mjini, na jukwaani sikuwahi kupanda. Leo tuna watoto 46, Jumatano alasiri na Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa parokia. Kioo hatuna. Bomba la maji la zamani, lililofungwa ukutani kwa vyuma, ndilo watoto wanaloshikilia. Tuna walimu watatu na mpiga ngoma mmoja, na kama shule inasimama, inasimama kwa sababu yao hao wanne.

Jinsi ya kumpata mwalimu

Cheti nakisoma mwisho. Mgeni akija kuomba kazi namwambia: chukua watoto hawa wanane, dakika 20, wafundishe plie. Plie ni kukunja magoti tu, jambo la kwanza kabisa katika balle, na mtu hawezi kujificha ndani yake. Mimi nakaa nyuma na kutazama macho ya mgeni yanaenda wapi.

Alikuja kijana mmoja aliyewahi kucheza nchi za nje, mgongo umenyooka kama mlingoti. Dakika zote 20 alicheza yeye. Watoto walimtazama midomo wazi, wakampigia makofi, na hakuna goti hata moja lililosahihishwa. Wiki ile ile akaja dada mmoja wa mtaa wa Kamalondo mwenye mazoezi ya miaka sita tu. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto wa mstari wa nyuma, yule ambaye nyonga zake ni ngumu na kila siku anajificha, akapiga magoti kwenye simenti mbele yake. "Usigeuze nyayo," alimwambia. "Geuza paja, kutoka huku juu." Akajigusa nyonga yake mwenyewe, hakumgusa mtoto. "Sasa tazama goti lako. Linatazama kidole gani?" Mtoto akainama, akaona goti limeangukia ndani na nyayo zimefunguka nje kama za bata. Akazirudisha nyayo kidogo, kidogo tena, mpaka goti likakaa juu ya kidole cha pili. Dada akasema, "Hapo. Hapo ni pako." Nilimwajiri jioni ile.

Kwa hiyo tafuta mtoto mwenye nyonga ngumu, umweke katika jaribio. Mwalimu anayesukuma nyayo za mtoto kwa mikono ili zifunguke, mshukuru kwa kuja, umsindikize hadi barabarani. Kufunguka kwa miguu katika balle kunatoka kwenye nyonga. Ukikulazimisha kutoka chini, goti ndilo linalolipa, tena linalipa miaka mingi baadaye wakati mwalimu hayupo.

Shida ya walimu wasiojua kufundisha ni ya zamani, na kwingine ilitafutiwa dawa kabla yetu. London, mwaka 1920, wachezaji na walimu waliunda chama kinachoitwa leo Royal Academy of Dance, kwa sababu ufundishaji mbovu ulikuwa umeenea na hapakuwa na kipimo cha kumpima anayejiita mwalimu. Sisi hatuna chama hapa. Basi kila shule ijiwekee kipimo chake, na kiandikwe.

Jambo moja linatusaidia sisi wa Kongo. Maneno ya balle karibu yote ni ya Kifaransa, tangu Mfalme Louis XIV alipoanzisha akademia yake ya dansi mwaka 1661. Mtoto wa Katuba aliyefika mwaka wa tatu wa shule ya msingi akisikia "plie" anajua kuna kitu kinakunjwa. Mwalimu wako ataje hatua kwa Kifaransa, ila mwili aueleze kwa Kiswahili: bega, nyonga, kisigino, pumzi. Nimeona watoto wakikaza mwili mzima kwa sababu tu wanaogopa kukosea Kifaransa.

Usimfukuze mpiga ngoma

Nilipotundika tangazo la "Shule ya Balle", wa kwanza kubisha hodi walikuwa wapiga ngoma. Walikuwa na haki. Kwetu balle ni kikundi cha ngoma za asili, na jina hilo lina historia: Keïta Fodéba wa Guinea aliita kikundi chake Les Ballets Africains katika miaka ya 1950, na baada ya uhuru nchi nyingi za Afrika zikawa na balle zao za taifa. Niliwaeleza kwamba yetu ni ile nyingine, ya kusimama kwa vidole. Wengi wakaenda zao. Mzee mmoja alibaki mlangoni na ngoma yake, akauliza, "Na hiyo nyingine, inachezwa bila mdundo?"

Umeme ulikuwa umekatika siku hiyo, redio imenyamaza. Nikamkaribisha. Alikaa darasa zima akisikiliza tunavyohesabu, kisha akaanza taratibu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, ile moja akiipiga kwa kiganja kizima na mbili na tatu kwa ncha za vidole. Watoto ambao kila wiki walikuwa wanawahi kushuka, siku ile walingoja. Sasa watoto wanamwita Papa Ngoma. Hajui arabeski ni nini, ile ya kusimama mguu mmoja na wa pili umenyooshwa nyuma, lakini ndiye aliyewafundisha kusubiri, na analipwa sawa na walimu. Hilo la malipo sawa lilileta maneno mwanzoni. Shikilia hapo hapo.

Pesa na funguo mbili

Hapa nitasema kwa ufupi. Usiahidi mshahara usiokuwa nao. Sisi tunakusanya ada ya mwezi, tunatoa kwanza ya kutunza ukumbi, kinachobaki kinagawanywa kwa saa walizofundisha, mbele ya walimu wote, daftari likiwa wazi mezani. Mzazi asiye na feza analeta makala, yaani mkaa, au unga wa bukari, yaani ugali, na inaandikwa kwa thamani ya siku hiyo sokoni. Sanduku lina makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa mwalimu, wa pili kwa mama mmoja mzazi anayeuza kapenta, yaani dagaa, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwanamke asiyesahau hata franka moja. Mimi sina ufunguo. Wewe mwanzilishi usiwe nao pia. Siku pesa ikipungua hakuna atakayekutazama jicho la pembeni, na siku ya onyesho hakuna atakayesema umeshona nguo yako kwa ada za watoto.

Nani anasema "bado"

Nitakaa hapa muda, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Kila mzazi anataka kumwona binti yake amesimama juu ya ncha za vidole. Viatu vya pointi vina ncha ngumu, na uzito wote wa mwili unashukia pale. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakomaa, kwa hiyo wataalamu wa tiba ya dansi wanashauri asianze chini ya miaka 12, na hata akifika umri huo awe na miaka kadhaa ya mazoezi ya mfululizo. Dada wa Kamalondo alikuwa ameshawaeleza wazazi wote hivyo.

Mama mmoja alirudi kutoka Johannesburg na jozi mpya ya hariri, rangi ya waridi, kwa binti wa miaka tisa. Mwalimu akasema bado. Mama akanifuata mimi: "Mama, si uongee na yule mwalimu wako? Mtoto amelia usiku kucha." Huyu ndiye mzazi aliyetununulia mabati paa lilipovuja. Nikamwangalia, nikayakumbuka mabati, nikasema, "Mwacheni ajaribu, dakika chache tu."

Alijaribu Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja akichechemea, kifundo kimevimba. Hakuna mfupa uliovunjika, Mungu ni mwema, lakini alikaa wiki nne bila kucheza. Na kulikuwa na jeraha la pili, ambalo sikuliona mapema. Tangu siku ile mwalimu akisema "simama hivi", watoto waligeuza vichwa kunitazama mimi niliyekaa kwenye benchi, kuona kama nimekubali. Mwalimu alivumilia majuma matatu, kisha akaniletea ufunguo wa ukumbi ndani ya bahasha, bila neno.

Nilikwenda kwake Kamalondo nikiwa na mzee mmoja wa parokia, maana jambo kama hilo haliendewi peke yako. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akatuletea chai, akasema atarudi kwa masharti mawili: nirudie maneno yale yale mbele ya wazazi, na iandikwe kwamba juu ya mwili wa mtoto mwalimu ndiye mwenye neno la mwisho. Nilifanya yote mawili Jumamosi iliyofuata.

Karatasi ile bado iko ukutani. Inasema viatu vya pointi vinaruhusiwa na walimu wawili waliotia sahihi, na mkuu wa shule hawezi kuitengua sahihi hiyo. Mtoto anapimwa: apande juu ya vidole vya mguu mmoja mara 16, goti limenyooka, kifundo hakiyumbi, bila kushika bomba, kisha mguu wa pili. Asipofika, anapewa mazoezi na tarehe ya kurudi. Tarehe ni muhimu, maana "bado" isiyo na tarehe mtoto anaisikia kama "kamwe". Wewe andika karatasi yako kabla hujapokea mtoto wa kwanza, wakati bado humdai mtu shukrani na hakuna anayekudai.

Kamati yetu ina watu watano: wazazi wawili, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mtu wa parokia, na mimi. Kamati inaamua ada, ukumbi na tarehe za onyesho. Nani acheze nafasi gani haiamui, hilo ni la walimu, na mzazi akija nyumbani kwangu usiku na kuku mkononi, namrudisha na kuku wake kwa heshima.

Arthur Mitchell, Mwamerika mweusi aliyekuwa mchezaji mkuu wa New York City Ballet, alipoanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969 alimwita Karel Shook, aliyekuwa mwalimu wake, waanze pamoja. Mtu mwenye jina kubwa namna ile alimweka mwalimu wake pembeni yake tangu siku ya kwanza. Mimi nilihitaji kifundo cha mtoto kivimbe ndipo nielewe.

Mambo mengine ya kuwabana walimu

Mlango wa ukumbi hubaki wazi wakati wa darasa, na watu wazima ndani ni wawili daima. Mwalimu anauliza kabla ya kumgusa mtoto, na mtoto akisema hapana, anamwonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Picha za simu hazipigwi. Unene wa mtoto hauzungumzwi kabisa, hata kwa kumsifu. Watoto wengine wanakuja tangu asubuhi hawajala. Tunaanza na kikombe cha uji, na mwalimu anakunywa pamoja nao ili asiwepo mtoto wa uji na mtoto asiye wa uji. Juu ya simenti haturuki zaidi ya dakika kumi. Mwalimu anayetaka kuruka zaidi alete wazo la sakafu ya mbao, tutamsikiliza kwa furaha.

Siku usipokuwepo

Mwaka jana homa ya matumbo ilinilaza siku 16. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kichwani mwangu, na ndipo nilipojua faida ya daftari la darasa ambalo dada wa Kamalondo alikuwa amelianzisha. Kila mwalimu, kabla ya kutoka, anaandika mistari mitatu: tumefanya nini, nani ameumia au hakuja, darasa lijalo lianzie wapi. Anayefuata anasoma kabla ya kuvaa viatu. Wasichana wawili wa miaka 16 wanajifunza kazi kwa daftari hilo hilo. Wanawapasha moto wadogo kwa robo saa, mwalimu amesimama nyuma yao, na nauli yao ya kurudi nyumbani inatoka kwenye sanduku kama ya mtu mzima yeyote.

Niliporudi nilikuta kurasa tano zimejaa. Kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa Papa Ngoma ambao sikuwahi kuuona, imeandikwa: "Jumatano. Walimu wawili wamekwama kwenye mvua. Mwalimu mmoja na mimi. Watoto 31. Tumefanya plie na kusubiri. Mtoto wa nyuma amehama mwenyewe mstari wa mbele."