Simu za ofisi zinakata maneno? Panga foleni kwenye ruta ya MikroTik

Simu za IP zikianza kumeza maneno, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kabla ya hapo, angalia tatizo linatokea saa ngapi. Kama ni pale kompyuta zinapopeleka nakala za mafaili kwenye wingu, basi njia ya kupakia imejaa na sauti inasubiri nyuma ya mafaili.

1. Piga hesabu. Simu moja ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutuma pakiti, yaani vipande vya data, 50 kwa sekunde, takriban kilobiti 87 kila upande. Simu 10 kwa mpigo hazifiki megabiti 1. Ni kidogo mno kulaumu kifurushi.

2. Pima kasi halisi ya kupakia kazi zikiwa zimepamba moto. Usitegemee namba iliyo kwenye mkataba.

3. Zima kanuni ya `fasttrack-connection` (njia ya mkato ya kuharakisha pakiti) kwenye fayawoli, kisha washa ruta upya. Pakiti zinazopita njia hiyo ya mkato hazifiki kwenye mangle (sehemu ya fayawoli inayotia pakiti alama), kwa hiyo hazipati alama. Wanaoruka hatua hii ndio husema mambo haya hayafanyi kazi. Prosesa ya ruta itachoka zaidi, iangalie.

4. Weka alama. Tuseme simu ziko 192.168.20.0/24 na intaneti inaingia ether1, andika kwenye terminal ya ruta:

`/ip firewall mangle`
`add chain=forward out-interface=ether1 src-address=192.168.20.0/24 dscp=46 action=mark-packet new-packet-mark=sauti passthrough=no`
`add chain=forward out-interface=ether1 packet-mark=no-mark action=mark-packet new-packet-mark=kawaida passthrough=no`

DSCP ni namba ya kipaumbele iliyo ndani ya pakiti, na 46 ndiyo ya sauti. Usiache kuandika anwani ya simu (`src-address`), maana kompyuta yoyote inaweza kujipachika DSCP 46.

5. Jenga foleni. Ikiwa ulipima megabiti 10:

`/queue tree`
`add name=nje parent=ether1 max-limit=9M`
`add name=sauti parent=nje packet-mark=sauti priority=1 limit-at=1M max-limit=9M`
`add name=kawaida parent=nje packet-mark=kawaida priority=8 limit-at=8M max-limit=9M`

Hiyo 9M ndiyo roho ya kazi yote. Ukiweka 10M au zaidi, msongamano utahamia kwenye modemu ya mtoa huduma, ambako kipaumbele chako hakitambuliwi, na simu zitakatika vilevile. Megabiti 1 unayoitoa sadaka inafanya foleni ijipange kwako.

6. Jaribu. Pakia faili kubwa huku unapiga simu nje. Kaunta ya `sauti` ikibaki sifuri, ingia kwenye mipangilio ya simu uweke DSCP ya RTP (pakiti zinazobeba sauti yenyewe) iwe 46.