Kupiga Windows mashine nyingi bila kukaa unabonyeza

Wakuu, kama una kompyuta 20 za kupiga Windows msihangaike kubonyeza Next kila mashine, tengeneza faili la majibu (lenye majibu ya maswali ya setapu) uliite autounattend.xml halafu liweke kwenye flashi ya kuinstolia, nje ya folda zote, setapu ikianza inalitafuta yenyewe, lugha, patisheni (mgawanyo wa diski), jina la yuza vyote inajijazia. Ila kuweni makini saana na ule mstari wa WillWipeDisk ndani ya hilo faili, ukiandika true inafuta diski nzima bila kuuliza, yani picha za watu na mahesabu ya ofisi ndo yameenda hivyo, kwahiyo bakapu kwanza na jaribu mashine moja tupu. Ikiriboti mara ya kwanza chomoa flashi, mashine zingine zinarudi kuinstoli upya toka mwanzo.