Utitiri hulala wapi baridi ikiingia?

Ndugu zetu wanaotunza miti ya matunda Uingereza, Kanada na kaskazini mwa Marekani huona theluji wakadhani imewamalizia kazi. Utitiri, vile vijidudu vidogo vinavyofyonza majani, bado upo shambani, na kila aina ina maficho yake. Usipoyajua, dawa utaimwaga bure.

Anza na mtufaha. Utitiri mwekundu wa Ulaya huvuka baridi ukiwa mayai. Kuanzia Agosti majike huyataga kwenye gome la vitawi, hasa kuzunguka macho (vifundo vinakochipukia majani na maua) na penye mikunjo. Ni mekundu, yana umbo la kitunguu, na juu yana kijinywele kimoja. Februari chukua kioo cha kukuzia, kagua vitawi vya miti kadhaa. Ukikuta gome limewiva wekundu, subiri macho yaanze kuonyesha kijani, kisha nyunyizia mafuta maalumu ya miti ya matunda. Mafuta huyakosesha mayai hewa, basi lowanisha kitawi pande zote. Usiku wa barafu ukitarajiwa, ahirisha, utaunguza machipukizi.

Utitiri wa madoa mawili ni kisa kingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Siku zikifupika, majike waliokwisha kupandwa hugeuka rangi ya chungwa, huacha kula, hujificha chini ya gome, kwenye majani makavu na magugu. Mafuta ya kwenye vitawi hayawafikii. Joto likirudi hula magugu kwanza. Ukiyafyeka wakati huo wameshajaa, unawapandisha mtini kwa mkono wako, palilia mapema. Kwenye banda kitalu huingia katika nyufa za nguzo na fito za nyanya, kwa hiyo ondoa masalia yote na usugue fito kabla ya kupanda tena.

Mpeasi una utitiri wa malengelenge, mdogo usioonekana kwa macho, uliojibana ndani ya magamba ya macho. Huo hupigwa kwa salfa majani yakishapukutika.

Tafadhali, msikwangue magome ovyo. Katika nyufa hizo hizo hulala utitiri rafiki, Typhlodromus pyri, unaokula ule mwekundu. Mnapopogoa, chagueni matawi ya miti yenye rafiki hao na mayai mekundu machache, myafunge kwenye mitufaha isiyo nao.