Somo: Ukiwa na ZIP tu, usikimbilie kuchora ramani

ZIP, namba ya posta ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1963 kurahisisha upangaji wa barua. Ni mkusanyo wa njia za matarishi, haina mpaka wa ardhini. Nyingine ni za masanduku ya posta tu. Huko Flint, Michigan, mwaka 2015, uchambuzi wa jimbo wa madini ya risasi katika damu ya watoto ulifuata ZIP. ZIP za Flint zilichanganya kaya za mjini, zilizopata maji ya mto yaliyobeba risasi kutoka mabombani, na za nje ya mji zisizoyapata. Ongezeko likafichika, na watoto waliendelea kunywa maji hayo.

1. Fungua safu ya ZIP kama maandishi. Excel hula sifuri ya mwanzo: 02139 hugeuka 2139.

2. Ukiwa na anwani kamili, weka ZIP kando. Andaa CSV (faili ya jedwali linalotenganishwa kwa mkato) isiyo na vichwa: namba ya kipekee, mtaa, mji, jimbo, ZIP. Isizidi anwani 10,000. Ipitishe Census Geocoder, huduma ya Ofisi ya Sensa ya Marekani inayogeuza anwani kuwa koodineti. Zilizorudi No_Match (hazikupatikana) usizifute: nyingi huwa P.O. Box au nyumba mpya, na ukizitupa matokeo yanapinda.

3. Kwenye QGIS, programu ya ramani, unganisha nukta na mipaka inayohusika na swali lako, mfano eneo la mtandao wa maji. Katika koodineti, longitudo hutangulia latitudo. Ukizigeuza, nukta zinahama bara.

4. Ukiwa na ZIP peke yake, tumia majedwali ya HUD (wizara ya makazi ya Marekani) yanayogawa ZIP kwa maeneo ya kiutawala au ya sensa, safu ya RES_RATIO, yaani sehemu ya makazi ya ZIP iliyo katika kila eneo. ZIP ina wagonjwa 40 na imeingia maeneo mawili kwa uwiano 0.7 na 0.3: gawa 28 na 12. Hapa unadhani ugonjwa umesambaa sawa na makazi. Kwa Flint dhana hiyo ingekupotosha vilevile.

Maswali ya wanachama

*Mbona kuna ramani za ZIP za kupakua?*
Hizo ni ZCTA, maeneo ya kukadiria ZIP yaliyochorwa na Ofisi ya Sensa, tangu sensa ya 2000. Kila bloku ya sensa (eneo dogo kabisa la sensa) hupewa ZIP iliyozidi humo. ZIP za masanduku matupu mara nyingi hazina ZCTA, kwa hiyo baada ya kuunganisha hesabu mistari iliyodondoka.

*Kenya je, 00100?*
Hiyo ni namba ya posta lilipo sanduku, Nairobi GPO (posta kuu). Mwenye sanduku aweza kuwa anaishi Kitengela. Omba wadi anakoishi.

*Na Tanzania, mkuu?*
Afadhali: tarakimu tano hushuka kanda, mkoa, wilaya hadi kata. Ila kata hugawanywa. Linganisha mwaka wa data na mwaka wa mipaka.