Somo: Kuifanya `#!` iwe hiari kwenye kerneli ya Linux

Wenzangu wa Kisumu mnaotengeneza vifaa vidogo, hili ni lenu. Ukiandika `./hesabu.py`, anayesoma `#!` mwanzoni mwa faili ni kerneli yenyewe (kiini cha mfumo), ndiyo inayoita Python au sheli. Kazi hiyo ni ya sehemu ya kerneli iitwayo BINFMT_SCRIPT, nayo ni hiari: Y huiweka ndani ya kerneli, M huifanya moduli (kipande kinachopakiwa baadaye), N huiondoa kabisa.

Kwanza, kerneli ya zamani ibaki kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mashine. Usiifute hata diski ikikubana.

Ndani ya folda ya msimbo wa kerneli, endesha `make menuconfig`, ingia "Executable file formats", uweke M kwenye mstari wa skripti za `#!`. Kagua kwa `grep BINFMT_SCRIPT .config`. Ikijibu `=m`, endelea: `make`, `sudo make modules_install`, `sudo make install`.

Hapa sasa tulia. Kwenye Debian na Ubuntu zinazotumia initramfs-tools, `/init` ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia mashine inapowaka) ni skripti ya sh. Skripti hiyo ndiyo ingepakia moduli, na bila moduli haianzi! Skrini itaandika `Failed to execute /init (error -8)`. Kwa hiyo chochote kinachotangulia moduli lazima kiwe programu iliyokompailiwa. Mimi hutumia BusyBox, programu moja yenye amri nyingi ndani yake: `/init` ni kiungo cha kwenda kwake, na kwenye `/etc/inittab` naweka:

`::sysinit:/bin/sh /etc/anza`

Ukiita sh waziwazi hivyo, faili `anza` linasomwa kama maandishi tu, kerneli haihusiki na `#!` yake. Ndani yake andika `modprobe binfmt_script`.

Swali, Kondele: Mwalimu, nikiweka N nitakuwa nimezuia skripti za watu wabaya?

Jibu: Hapana, na tafadhali usimwambie mteja hivyo. `python3 faili.py` itapita kama kawaida, maana kerneli inaona Python tu. Ukitaka kuzuia za Python, usiweke Python kwenye kifaa kabisa.

Swali, Nakuru: Nimeweka N, lakini skripti zangu za bash bado zinakwenda. Shida iko wapi?

Jibu: Hakuna shida, ndugu. Kerneli inakataa kwa ENOEXEC (kosa la -8, aina ya faili haijulikani), kisha bash inaamua kulisoma faili yenyewe. Jaribu skripti ya Python yenye `print("Kisumu")`, utaona bash ikilalamika kwa `syntax error`. Ukiiita skripti hiyo `jaribu`, `strace ./jaribu` itakuonyesha execve, yaani ombi la kuendesha faili, ikikataliwa.

Swali, Bungoma: Kerneli itapungua sana?

Jibu: Kidogo mno. `fs/binfmt_script.c` ni faili moja fupi. Kama unatafuta nafasi, anza na madereva ya vifaa usivyokuwa navyo.