Kukagua retina baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: mwongozo kwa matabibu wa macho

Mgonjwa aliyesoma 6/9 kwenye ubao wa kupimia (namba ya pili ikikua, uoni umepungua) wiki moja baada ya upasuaji, kisha akarudi wiki ya sita akisoma 6/24, usikimbilie kumwandikia miwani. Mara nyingi makula imevimba, yaani sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Daktari Irvine aliieleza hali hii mwaka 1953, na Gass na Norton wakaifafanua zaidi mwaka 1966. Hujitokeza hasa kati ya wiki ya 4 na ya 12, wakati wengi wetu tumeshamruhusu mgonjwa aende zake. Kwa hiyo miadi ya wiki ya sita usiifute, hata kama jicho halina wekundu na bibi anakushukuru.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya upasuaji. Je, mfuko wa lenzi (utando unaoishikilia) ulichanika? Ute mzito unaojaza nyuma ya jicho ulitoka? Kuna kipande cha lenzi kilichozama? Ana kisukari, au aliwahi kupata uveitisi (uvimbe wa ndani ya jicho)? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mpe miadi ya karibu zaidi.

Hatua ya 2: Pima uoni, kisha rudia akitazama kupitia kadi yenye tundu dogo. Uoni ukipanda, tatizo ni la miwani. Usipopanda, na konea (kioo cha mbele ya jicho) ni safi, tazama nyuma ya jicho. Linganisha na vipimo vya awali, maana namba moja peke yake haikuambii kama uoni umeshuka.

Hatua ya 3: Pima mboni kwa tochi na presha ya jicho, ndipo utie tropikamidi, matone ya kupanua mboni. Subiri dakika 20 hadi 30. Mboni ikipanuka nusu tu, ongeza tone.

Hatua ya 4: Kagua makula. Tumia lenzi ya 90D ya kutazamia nyuma ya jicho, na mwanga mwembamba. Kile king'aro kidogo cha katikati kikiwa kimepotea, badili uweke mwanga wa kijani: vifuko vya maji huonekana vizuri zaidi, vimejipanga kuzunguka kitovu cha makula kama petali za ua. Kwenye skani ya OCT (picha ya tabaka za retina) ni mashimo meusi ndani ya retina.

Hata upasuaji uliokwenda salama huacha alama. Tishu za jicho zikiguswa hutoa prostaglandini (kemikali za uvimbe), na mishipa midogo ya retina huanza kuvuja. Makula hunenepa kidogo, kisha hurudi yenyewe. Skani yenye unene kidogo kwa mtu anayesoma 6/6 mimi siitibu, naifuatilia tu.

Uoni ukiwa umeshuka, anza matone ya prednisoloni (steroidi) pamoja na ketoroliki au nepafenaki (dawa za uvimbe zisizo steroidi), mara nyingi kwa wiki kadhaa, huku ukipima presha, kwani steroidi huipandisha kwa baadhi ya watu. Usipoona nafuu, mpeleke kwa bingwa wa retina. Kwa mwenye kisukari, tafuta vidoa vya damu na mafuta ya njano, na ukague jicho la pili pia: huenda uvimbe ni wa kisukari, na tiba yake ni tofauti.

Hatua ya 5: Kagua pembeni. Muulize kwa lugha yake: "Bibi, unaona vimulimuli? Kuna vidoa vyeusi vipya vinavyoruka kama inzi? Pazia linashuka upande gani?" Angalia ute nyuma ya lenzi, chembe za kahawia zinazoelea humo zinaashiria retina imechanika. Mfuko uliochanika na ute kutoka, pamoja na miopia kali (kutoona mbali), huongeza sana hatari ya retina kubanduka. Retina ikiwa imebanduka lakini makula bado imeshikilia, rufaa ni leo hii. Kesho inaweza kuwa imeshabanduka.

Hatua ya 6: Kipande cha lenzi kilichozama usikivue. Kukitafuta kwa kijiko ndani ya ute huivuta retina. Tuliza uvimbe na presha, mpeleke kwa daktari wa vitrektomi (upasuaji wa kuondoa ute) mapema.

Maumivu, wekundu na uoni kushuka ghafla vikija pamoja, chukulia kuwa ni maambukizi ya ndani ya jicho na umpe rufaa saa hiyohiyo. Kabla hajatoka, mfundishe mgonjwa afunike jicho moja kila asubuhi na atazame kalenda ukutani. Simu ya kliniki iandikwe nyuma ya kadi yake kwa herufi kubwa, ambazo mjukuu naye ataweza kuzisoma.